Kipindi Kikirudiwa, Mwigizaji Anapata Nini?

Benson Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78. Wengi walioambiwa habari hiyo kwa jina hilo walibaki kuuliza ni nani. Alipotajwa Mzee Ojwang' ndipo nchi nzima ikajua aliyekwenda: mume wa Mama Kayai katika Vitimbi, komedi ya KBC, shirika la utangazaji la Kenya, mzee wa kofia na suruali iliyopandishwa juu ya kitovu, mwenye lafudhi ya Kijaluo iliyokolea hata watu wakashangaa kusikia kwamba alikuwa Mkikuyu. Miaka michache kabla ya kufa macho yalimsumbua, na Wakenya wakachanga fedha ili atibiwe.

Tanzania nayo ilipita njia hiyo. Mwaka 2018, mchekeshaji Mzee Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo ya biashara lilifika hadi kwa waziri wa habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huohuo.

Kila mchekeshaji mkongwe akilazwa, maneno ni yaleyale. Wapo wanaosema wasanii hawajui kuweka akiba. Wapo wanaosema vituo vya runinga vinawanyonya. Na wapo wa tatu, ambao huonekana wenye busara zaidi, wanaosema tatizo ni mhusika: mtu akishakuwa Ojwang' kwa miongo kadhaa, hakuna atakayempa kazi nyingine. Hoja hii ya tatu ndiyo inayosikika sana na ndiyo dhaifu kuliko zote. Hizo mbili za kwanza zina uzito, ila zinapimwa vibaya kwa sababu hakuna anayefungua mkataba akasoma.

Tuanze na kazi yenyewe. Komedi ya runinga hurekodiwa kwenye seti ya kuta tatu, kamera zikiwa upande wa nne ulio wazi. Sebule, kochi, mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa jikoni. Hollywood kwa kawaida hutumia siku tano kutengeneza kipindi cha dakika 22: siku ya kwanza waigizaji wanasoma maandishi mezani, zinafuata siku za mazoezi na za kupanga kamera, na siku ya mwisho wanarekodi mbele ya watazamaji. Kwetu, bajeti ikibana, siku moja hubeba vipindi kadhaa, na mara nyingi mwigizaji hupewa muhtasari wa kisa tu, maneno ajazie mwenyewe. Hapo ndipo mambo huharibika. Vipindi vinarekodiwa bila kufuata mpangilio, kwa hiyo shati la kipindi cha 4 linatokea kwenye kipindi cha 7. Mwigizaji anayejazia maneno akimkatiza mwenzake, sauti mbili zinaingia kwenye maikrofoni moja na hakuna mhariri wa kuzitenganisha. Asipoacha nafasi ya sekunde moja au mbili baada ya mzaha, kicheko kitakachowekwa baadaye studioni kitafunika sentensi inayofuata.

Kwa jinsi hii ya kufanya kazi, sehemu kubwa ya mhusika inatoka kwa mwigizaji. Chukua Papa Shirandula, aliyeigizwa na Charles Bukeko kwenye Citizen TV ya Kenya. Papa anaondoka nyumbani amevaa suti ili mkewe Wilbroda aamini kwamba anafanya kazi ofisini, kisha akifika kazini anavaa sare ya bawabu. Kwenye karatasi hayo ni maneno machache. Kilichofanya watu wacheke ni mwili wa Bukeko ndani ya suti ile, uso unaopita kutoka maringo hadi hofu mara tu anapohisi mtu wa nyumbani yuko karibu. Sheria ya hakimiliki inalinda maandishi na inalinda rekodi. Mwendo, lafudhi na namna ya kukodoa macho havina hati popote.

Sasa ile hoja ya kufungwa na mhusika. Wanaoitetea hupenda mfano wa Seinfeld, komedi ya runinga ya Marekani. Baada ya kipindi hicho kufungwa mwaka 1998, mmoja wa waigizaji wake, Michael Richards, alipata kipindi chake mwaka 2000, kikafa. Jason Alexander akapata chake 2001, kikafa. Julia Louis-Dreyfus akafuata 2002, naye hakudumu. Magazeti yakaandika kwamba kuna laana. Lakini Louis-Dreyfus akarudi 2006 na kipindi kingine, akatwaa Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, mwaka huohuo, kisha kuanzia 2012 akaigiza komedi ya Veep na kushinda Emmy sita mfululizo kwa nafasi hiyo moja. Vipindi vipya vya komedi hufa kwa wingi, viwe na nyota wa zamani au bila. Aliyekuwa maarufu tu ndiye anayeandikwa.

Kwetu mhusika ni duka. Bukeko alipata tangazo la Coca-Cola lililomfikisha nchi nyingi za Afrika, na sura iliyoonekana humo ni ileile iliyozoeleka kwa Papa. Mshehereshaji wa harusi anayekuja na jina la mhusika hulipwa zaidi kuliko anayekuja na jina la kitambulisho. Kwa hiyo swali la maana ni kama ana ruhusa ya kuondoka na jina hilo. Kundi la wachekeshaji wa Tanzania lililopata umaarufu kwenye kituo cha EATV kwa jina la Ze Comedy lilipohamia TBC, kituo cha taifa, lilijitambulisha upya kama Orijino Komedi. Wachekeshaji wake Joti na Masanja walibaki kuwa Joti na Masanja, na hilo liliwaokoa, maana watazamaji walifuata majina ya watu kabla ya jina la kipindi. Wangekuwa wamesaini kwamba majina ya wahusika ni mali ya kituo, wangeanza upya kabisa.

Na marudio je, yaani malipo kila kipindi kinaporushwa tena? Hapa upande wa vituo unastahili kusikilizwa vizuri kuliko kawaida. Kituo ndicho kinachobeba hasara. Kinalipa studio, kamera, mafundi, umeme na mafuta ya jenereta kabla ya tangazo hata moja kununuliwa, na mwigizaji analipwa ada yake hata kipindi kikikosa watazamaji. Marudio nayo hayaleti fedha kama watu wanavyodhani: hutumika kujaza saa za mchana ambazo watangazaji hawazitaki sana. Ukiweka gharama kwenye kila rudio, meneja wa vipindi ataacha kanda za zamani kabatini, anunue tamthilia ya Kihindi au ya Kifilipino iliyokwisha kulipiwa kila kitu. Zaidi ya hapo, kuna rekodi za zamani ambazo hakuna karatasi inayoonyesha nani aliigiza kipindi gani. Utamlipa nani?

Hoja za mwigizaji ni fupi. Ada inakubaliwa kabla mtu yeyote hajajua thamani ya kipindi, na inalipwa kwa shilingi ya mwaka ule. Anayelipwa kwa kipindi si mwajiriwa: hana pensheni, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hakatwi isipokuwa ajiandikishe na kuchangia mwenyewe. Hoja ya akiba inapigia hapo, na ni ya kweli kiasi. Ila mtu anawekaje akiba kutoka kwenye ada inayokuja mwezi huu na mwezi ujao isije?

Watu hukimbilia kusema Marekani wanalipwa marudio, basi na sisi tulipwe. Hata kule hayakushuka kutoka mbinguni. Mikataba ya waigizaji wa runinga kabla ya 1974 iliweka kikomo: marudio machache ya kwanza yanalipiwa, baada ya hapo kituo kinarusha bure milele. Ndiyo maana waigizaji wa komedi za miaka ya 1960 walionekana kila siku kwenye runinga bila kupata chochote kwa marudio hayo. Kikomo kiliondolewa kwa nguvu ya chama chao. Na baada ya hapo bado kuna tofauti kati ya malipo ya chini ya chama na mgawo halisi wa faida. Wale watatu wa Seinfeld walipata dola 600,000 kwa kipindi katika msimu wa mwisho, lakini mgawo wa mauzo ya marudio, penye fedha nyingi zaidi, hawakupewa. Waigizaji sita wa Friends, komedi nyingine ya Marekani, walianza 1994 kwa takriban dola 22,500 kwa kipindi. Mwaka 1996 wakaamua kujadiliana kwa pamoja, wote walipwe sawa. Kufikia 2000 walikuwa wamepata sehemu ya mapato ya baadaye, na misimu miwili ya mwisho kila mmoja alilipwa dola milioni moja kwa kipindi. Talanta ya makundi hayo mawili haikutofautiana sana. Friends walikaa mezani wakiwa sita na sauti moja.

Hata hivyo marudio peke yake si bima. Dawn Wells, mwigizaji wa Gilligan's Island, komedi ya Marekani ya miaka ya 1960, alichangiwa mtandaoni mwaka 2018 kwa sababu ya gharama za hospitali na madeni ya kodi, nchi ileile yenye chama imara. Anayeahidi kwamba asilimia fulani ya marudio ingemaliza harambee zote hospitalini anadanganya.

Kisheria, shimo kubwa liko mahali ambapo wengi hawapatazami. Mkataba wa Roma wa 1961, ambao sheria nyingi za haki za watumbuizaji zilijengwa juu yake, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtumbuizaji akisharidhia kuingizwa kwenye rekodi ya picha, ulinzi wa ibara ya 7, ile inayompa uwezo wa kuzuia kazi yake isirekodiwe wala kurushwa bila ridhaa yake, unakoma kwake. Mwanamuziki anabaki na kitu; mwigizaji anabaki na kile tu alichoandikiwa kwenye mkataba wake. Mkataba wa Beijing wa 2012 ulitungwa kuziba shimo hilo na ukaanza kufanya kazi Aprili 28, 2020, lakini ibara yake ya 12 inaruhusu nchi kuamua kwamba haki zinahamia kwa mtayarishaji mwigizaji anaporidhia, huku zikiweza kumbakizia haki ya kulipwa. Kwa hiyo hata penye sheria nzuri, kinachoamua mezani bado ni karatasi mliyosaini.

Karatasi hiyo iwe na nini? Hesabu kidogo inasaidia. Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi 10,000 kwa kipindi na mwaka una vipindi 52. Hiyo ni 520,000. Weka marudio kwa ngazi: asilimia 20 ya ada kwa rudio la kwanza, 10 kwa la pili, 5 kwa la tatu na yanayofuata. Msimu wote ukirudiwa mara tatu, mwigizaji anaongeza 182,000. Kwa kituo chenye waigizaji wakuu sita, gharama ni 1,092,000 iliyogawanywa kwa marusho 156, yaani wastani wa shilingi 7,000 kwa kila rudio. Kituo kinachosema hakiwezi kulipa kiasi hicho kinafaa kuulizwa kinauza tangazo la sekunde 30 mchana kwa bei gani. Na tukiwa wakweli, kuna vituo vidogo ambavyo jibu lao litamaliza mjadala. Kwa hao, afadhali ada iwe kubwa mwanzoni na haki ya marudio iwe ya miaka mitatu, baada ya hapo wazungumze upya.

Vifungu vingine ni vifupi lakini ndivyo vinavyoleta kesi. Jina la mhusika: mwigizaji aruhusiwe kulitumia katika ushehereshaji na matangazo, kituo kilitumie katika kipindi. Majukwaa yatajwe moja moja, maana neno "matangazo ya runinga", kwa maana ya kurushwa hewani, lililosainiwa zamani sasa linatumiwa kupandisha vipindi YouTube. Tarehe ya malipo iandikwe kwa siku baada ya kurekodi, si baada ya kurusha. Kipindi kinaweza kukaa kabatini mwaka mzima. Na orodha ya waigizaji wa kila kipindi isainiwe siku ya kurekodi na nakala abaki nayo kila mmoja, kwa sababu ile hoja ya vituo kwamba hawajui wamlipe nani ni ya kweli hadi leo.

Hoja nyingine ya vituo, kwamba marudio hayapimiki, imekwisha nguvu. Rudio la saa nane mchana halikuwa na hesabu ya kuaminika. Video ya YouTube ina idadi ya watazamaji chini yake na taarifa ya mapato kila mwezi, ambayo mwenye chaneli huiona kwa undani. Mwigizaji au warithi wake wakitaka mgawo, hapo ndipo pa kuanzia: kuandika orodha ya vipindi vilivyopandishwa, tarehe na idadi ya watazamaji, kisha kuomba nakala ya mkataba wa awali. Mkataba wa Beijing unaweka ulinzi wa angalau miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodiwa, ingawa nchi inaweza kuchagua usiguse rekodi zilizokuwapo kabla haujaanza kutumika kwake. Pale unapozifikia, kipindi cha 1990 kitakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa 2040. Familia nyingi zitakwama kwenye ombi la nakala, kwa kuwa kazi za enzi zile zilifanywa kwa makubaliano ya mdomo na vocha ya malipo. Basi vocha zitafutwe. Vocha yenye jina la kipindi na tarehe ni ushahidi kwamba aliigiza, na pale ulinzi huo unapofika, kama hakuna karatasi wala sheria inayohamisha haki zake, ni juu ya kituo kuonyesha zilihama lini.