Msilicheke swali la "ni lini"

Saa tatu asubuhi, Dodoma. Dua imesomwa, hati zimewekwa mezani, na jina la mbunge linaitwa. "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu lijibiwe." Swali lenyewe limeshachapwa kwenye orodha ya shughuli: ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka hapa hadi pale? Naibu waziri anasogea kwenye kipaza sauti na kusoma. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu umekamilika. Ujenzi utaanza kadiri fedha zitakapopatikana.

Aliyeuliza "lini" hajapewa tarehe. Anashukuru hata hivyo, anauliza mawili ya nyongeza, la kwanza likitanguliwa na pongezi, kisha anakaa. Vipande vya namna hiyo huzunguka kwenye simu zetu kutwa nzima, nami nimevicheka vya kutosha. Ila nina tabia ya kusoma Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na kadiri ninavyoisoma ndivyo kicheko kinavyonipungua.

Hoja ya wanaocheka si nyepesi. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, linapita ofisi ya Katibu wa Bunge, linafika wizarani, na jibu linaandikwa na maofisa ambao hakuna anayewaona. Kazi ya waziri, au mara nyingi naibu wake, ni kusoma. Mawaziri wetu ni wabunge kwa mujibu wa Katiba, na wabunge wengi wa chama tawala wanatamani kuwa mawaziri. Nani atamkaba koo mtu ambaye baada ya mabadiliko yajayo ya baraza anaweza kuwa bosi wake au jirani yake wa kiti cha mbele? Tukitazama idadi, hali ni nzito zaidi. Mwaka 2020 CHADEMA ilitoka na jimbo moja tu la kuchaguliwa, Nkasi Kaskazini, na mwaka 2025 haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Ukumbi wa namna hiyo unaulizana maswali ya kindugu.

Kisha huja orodha ya mawaziri walioondoka, nayo inajulikana kwa kichwa. Februari 2008, ripoti ya Kamati Teule ya Harrison Mwakyembe kuhusu Richmond, mkataba wa umeme wa dharura, ilimwondoa Edward Lowassa kwenye uwaziri mkuu. Mei 2012, baada ya wabunge kuijadili ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, na mbunge Zitto Kabwe kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Rais Kikwete aliwaacha mawaziri sita. Desemba 2013 wakaondoka wanne kwa Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili. Mwaka mmoja baadaye ikaja Escrow ya Tegeta, kashfa ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya malipo ya umeme. Katika orodha yote hiyo hakuna aliyeangushwa na swali la asubuhi. Walioangusha ni kamati na wakaguzi. Basi, wanasema, tuimarishe kamati na CAG, na ile saa ya maswali tuwaachie wapenda kamera.

Nakubali kila tukio kwenye orodha hiyo. Nisichokubali ni kipimo chake, kwa sababu kinahesabu vichwa vilivyoanguka, na kichwa cha waziri huanguka baada ya fedha kuondoka. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai Mosi. CAG humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka huo kufungwa, nayo hufika bungeni Aprili. Shilingi iliyochepushwa Agosti 2022 inasomeka hadharani Aprili 2024. Ni miezi ishirini. Na hapo kamati bado haijaita shahidi wala haijaleta maazimio ukumbini. Kwa muda huo ofisa masuuli, mwenye dhamana ya fedha za wizara, amehamishwa, mkandarasi amefunga ofisi, na waziri yuko wizara nyingine akijibu maswali ya watu wengine. Mkaguzi anapasua maiti. Kazi hiyo ni muhimu, lakini mgonjwa alikuwa anahitaji mtu wa kumshika mkono akiwa bado anapumua.

Kuna takwimu moja ambayo sijaweza kuiacha tangu niliposikia ikitajwa bungeni. Mwaka wa fedha 2016/17, fungu la kilimo lilitengewa takriban Shilingi bilioni 101.5 kwa ajili ya maendeleo. Ilipofika Mei 2017, wizara ilipokuwa inaleta bajeti ya mwaka uliofuata, zilizokuwa zimetolewa ni kama bilioni 3.3. Asilimia tatu na ushei. Ni sawa na mkulima aliyeahidiwa mifuko mia ya mbolea, akapokea mitatu, na siku ya kuulizwa hali ya shamba mvua zilishakatika. Hapa hatuzungumzii wizi. Hakuna aliyelazimika kuiba chochote ili jambo hili litokee, na ndiyo maana halina kamati teule wala gazeti lililolipa jina la kashfa. Wabunge walipitisha mafungu kwa kauli ya ndiyo, wananchi wakaambiwa kilimo kimetengewa kiasi fulani, na miezi kumi ikapita hali ile takwimu ya kwenye kitabu ikiendelea kunukuliwa majukwaani kana kwamba ni fedha iliyopo.

Nikaichukua takwimu hiyo na kujiuliza: ni chombo gani cha Bunge kingeiona Novemba, wakati bado kuna msimu wa kuokoa? CAG alikuwa hajaanza hata kuukagua mwaka huo. Kamati ya Bajeti hupewa taarifa za utekelezaji, lakini mijadala yake mingi haitufikii sisi wa nje. Chombo kinachofanya kazi katikati ya mwaka, mbele ya watu, na ambacho mbunge mmoja asiye na cheo anaweza kukitumia bila ruhusa ya chama wala mwenyekiti wa kamati, ni swali. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inaliweka la kwanza kabisa kati ya njia za Bunge kutekeleza madaraka yake: kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake.

Kwa hiyo kasoro ninayoiona iko kwenye namna tunavyouliza. "Ni lini" ni swali linalompa waziri njia pana ya kutokea, maana wakati ujao hauna mwisho. "Hadi jana ni kiasi gani kimepokelewa kati ya kilichotengwa, na kimepokelewa tarehe ngapi?" ni swali ambalo jibu lake ni namba, na kukwepa namba huonekana hata na mtu aliyekaa kijiweni. Wapo wabunge wanaouliza hivyo, hasa kwenye nyongeza, na ukisoma kumbukumbu unauona mguno wa jibu: mambo mengi, "naomba nimpatie Mheshimiwa Mbunge majibu kwa maandishi". Huo mguno una thamani yake. Unamwambia msomaji wapi pa kuchimba.

Hata "ni lini" yenyewe isidharauliwe kupita kiasi. Mbunge wa jimbo la pembezoni hana wachambuzi wa bajeti, na ofisi yake ni chumba kimoja chenye katibu na foleni ya watu. Swali lake linaifanya wizara ifungue jalada la barabara ambalo lisingefunguliwa. Jibu, hata likiwa na maji mengi, linaingia kwenye Hansard likiwa na jina la waziri na siku. Miaka ya nyuma niliwahi kufuatilia kituo kimoja cha afya, sitakitaja, ambacho jibu la kwanza lilisema kimetengewa fedha, la pili kikawa kinasubiri fedha, na la tatu kikawa "kimeingizwa kwenye mpango". Majibu matatu ya miaka tofauti, kituo kilekile. Aliyeyaweka mezani ni yule yule mbunge tuliyekuwa tunamcheka kwa kuuliza swali moja kila mwaka.

Wakenya wametupa jaribio la bure. Katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni: waziri hawezi kuwa mbunge, na Ibara ya 153 inamtaka afike mbele ya kamati anapohitajika. Uchaguzi wa 2013 ulipopita, saa ya maswali kwa mawaziri ukumbini ikatoweka. Ndivyo hasa wakosoaji wetu wanavyopendekeza: kazi yote iwe kwenye kamati, huko kwenye nyaraka na mashahidi, mbali na maonyesho. Wabunge wao walikaa na utaratibu huo karibu miaka kumi, wakilalamika kwamba mwenyekiti wa kamati amegeuzwa msemaji wa wizara, anasoma ukumbini majibu ambayo hawezi kuyatetea wala kubanwa kwayo. Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika akipendekeza mawaziri warudi kujibu ukumbini, na mwaka 2023 kanuni zikabadilishwa.

Waliopinga walikuwa na hoja: mihimili ilitenganishwa kwa makusudi, na rais anayeomba mawaziri wake wapewe jukwaa bungeni huenda hatafuti kuhojiwa. Nao hawakukosea kabisa, kwani maspika wamelazimika mara kadhaa kuwakemea mawaziri wanaokosa kufika. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba watu waliokuwa na kamati zenye nguvu za kuita mashahidi kama Mahakama Kuu walilikosa lile swali la ukumbini, wakalirudisha.

Turudi kwetu, siku ya Alhamisi. Tangu enzi za Spika Samuel Sitta tuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na hapo hakuna karatasi ya wizara. Juni 2013 Mizengo Pinda aliulizwa kuhusu vyombo vya dola kuwapiga raia, wakati wa vurugu za Mtwara, akajibu kuhusu wanaokaidi: "muwapige tu". Maneno mawili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika waliyapeleka Mahakama Kuu. Kesi ilitupwa, sawa. Ila nchi ilijua siku ile kile ambacho hakuna hotuba iliyoandikwa ingekisema. Swali lisilotarajiwa lilifungua mlango, na Waziri Mkuu akapita mwenyewe. Alhamisi nyingi za siku hizi zinapooza, na sababu siitafuti kwenye utaratibu, kwa sababu utaratibu ni uleule.

Sababu moja naiona kwenye gharama ya kuuliza. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya chama tawala chenyewe, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kuwa amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuingiza sukari. Spika akamtaka alete ushahidi. Akauleta, na akauzungumza pia mbele ya waandishi wa habari kabla Spika hajautolea uamuzi. Akafungiwa vikao 15. Unaweza kusema alivunja kanuni, na waliomwadhibu walisema hivyo. Lakini mbunge wa viti vya nyuma aliyekuwa anatazama alijifunza jambo moja: mzigo wa kuthibitisha unakuwa wa anayeuliza, na adhabu inamfikia yeye kabla sukari haijajadiliwa. Baada ya hapo utamshangaa akiuliza kuhusu kivuko? Escrow nayo ilikuwa na mwanzo kama huo. Kabla ya PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kabla ya ripoti, alikuwapo David Kafulila wa Kigoma Kusini akilisema suala hilo ukumbini, na Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Frederick Werema, akamfananisha na tumbili. Miezi michache baadaye Werema alijiuzulu. Orodha ya wakosoaji humtaja Werema kwenye mstari wa kamati na kumsahau tumbili.

Ipo pia ile desturi ya kushika shilingi. Kamati ya Matumizi inapofika kwenye mshahara wa waziri, mbunge anashika shilingi hadi apate maelezo, waziri anaahidi, mbunge anairudisha, watu wanapiga meza. Haina meno, maana Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja kwa Ibara ya 90, na hakuna anayetaka kurudi kampeni kwa sababu ya shilingi moja. Ila ahadi iliyotolewa ili shilingi irudi imeandikwa. Uganda wanayo kamati ya kudumu ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi ambazo serikali imezitoa ukumbini. Dodoma ahadi zinabaki ndani ya Hansard zikisubiri mtu mwenye subira ya kuzitafuta.

Mtu huyo si lazima awe mbunge wa upinzani. Hata yule aliyeanza kwa kuunga mkono hoja asilimia mia moja anaweza kusimama na karatasi moja, asome jibu la waziri mwenyewe la miaka mitatu iliyopita, neno kwa neno, pamoja na tarehe yake na kiasi cha fedha kilichotajwa, kisha aulize kama hiyo bado ni kauli ya Serikali na ni shilingi ngapi zimefika.