Chumba 17: Hali

Kwetu Rombo mwanamume akikataa nyama huulizwa kwanza kama ameokoka. Akikana, huulizwa nani kamloga. Mimi nilikuwa na gauti tu, ule ugonjwa ambao wazee huita jongo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba usiku mmoja kikawa chekundu kama nyanya ya Ilula, shuka likikigusa napiga kelele mpaka jirani anawasha taa. Daktari akanieleza kwamba asidi ya uriki imezidi kwenye damu, inaganda chembechembe kama vioo ndani ya kiungo. Akaniambia nipunguze nyama nyekundu, maini, figo, dagaa na bia. Mimi kupunguza siwezi. Nikipunguza leo, kesho nafidia. Nikaacha nyama yote, na samaki juu yake, nikamwambia mama watoto kuanzia leo mimi ni mtu wa mboga.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili chenyewe hakikubaliani na mimi. Mboga kwetu ni chochote kinachosindikiza ugali. Ukimwambia mama ntilie, "Mimi nakula mboga tu," anakujibu bila kugeuka, "Mboga zipo, kaka. Kuna ng'ombe, kuna kuku, utumbo umebaki kidogo." Ukisema mboga za majani, unaletewa mchicha ambao ndani yake dagaa wamejificha kama wapangaji wanaodaiwa kodi. Ukisema sitaki nyama, pilau linakuja na mashimo pale vipande vilipong'olewa, na mama mwenyewe anakwambia kwa fahari, "Nimekutolea."

Nisiwe mchoyo wa fadhila lakini. Ukijua pa kwenda Dar, huteseki. Kisutu, jirani na mahekalu ya Wahindu, nimekula dengu, biringanya na chapati mpaka nikasinzia mezani. Asubuhi kuna mbaazi za nazi na maandazi, chakula ambacho hakijawahi kuniuliza maswali. Kisamvu cha karanga kikipikwa na mtu mwenye subira, nyama ya nini? Shida yangu ilianza nilipotoka nje ya mji.

Ilikuwa Kwaresima. Nikaamua kwenda mafungo Lushoto, kwenye nyumba moja ya masista, Alhamisi hadi Jumapili, mafungo ya kimya. Nitasema ukweli: roho ilikuwa sababu ya pili. Sababu ya kwanza ilikuwa kabichi. Malori ya mboga yanayoshuka sokoni Dar yanatoka milima ile ile. Nikajiambia, kama kuna mahali mtu asiyekula nyama atanenepa, ni Usambara. Nikapiga simu mapema. "Sista, mimi sili nyama." Akasema, "Hakuna shida, naandika." Nikaisikia kalamu ikiandika. Kwa masikio yangu haya.

Basi lilipata pancha kwenye kona za kupanda kutoka Mombo, tukakaa hapo tukitazama bonde huku utingo akigombana na jeki. Nikafika usiku umeingia, na baridi yake ile ya kuuma masikio, ukimya umeshatangazwa. Sista wa mapokezi akanipa ufunguo namba 17, akaweka kidole mdomoni, akanionyesha bwalo kwa kidole kingine. Ndiyo ilikuwa semina yangu yote ya utangulizi.

Bwaloni watu kama thelathini walikuwa wanakula kimya kimya, vijiko tu vinasikika. Nikakaa. Sista mpishi, mama wa makamo mwenye mikono ya kusongea ugali wa jeshi, akaja na sinia, akampa kila mtu sahani. Alipofika kwangu akasimama. Akanitazama kwa macho ya huruma na heshima, kama unavyomtazama mtu aliyetoka kuzika. Akaniwekea bilauri ya maji ya moto. Akaondoka.

Nikafikiri changu kinapikwa peke yake. Nikangoja. Wenzangu wakamaliza, wakasali, wakanyanyuka. Nikabaki na bilauri.

Asubuhi, maji ya moto tena. Safari hii yalikuwa na kipande cha ndimu, nadhani alinionea imani. Wengine wanakula viazi vitamu na uji wa ulezi. Nikajaribu ishara: nikaonyesha sufuria, nikaonyesha mdomo wangu. Sista akatikisa kichwa taratibu, akanyosha kidole juu mbinguni, akaweka mkono kifuani. Nikagusa tumbo. Akafumba macho akanifanyia ishara ya msalaba. Nilitamani kusema neno moja tu, ila mwenye kuongoza mafungo alikuwa ameketi mbele yangu, na siku zote nimekuwa mwoga wa mapadri tangu seminari walikonirudisha nikiwa kidato cha pili.

Sasa kuna mchana wa Ijumaa, ambao sitausamehe. Ijumaa za Kwaresima Kanisa zima haliruhusiwi nyama. Fikirini: siku moja katika wiki ambayo Wakatoliki wote duniani wanakula kama mimi! Sista akatoa uwezo wake wote. Kabichi ilikatwa nyembamba kama nyuzi, imekaangwa haraka na karoti na hoho, bado inang'aa, bado ina mlio ukiitafuna; niliusikia mlio huo katika vinywa vya watu thelathini. Kulikuwa na maharage yaliyoungwa kwa nazi mpaka mchuzi umeshika kijiko. Kulikuwa na chapati zimepangwa kwenye kikapu, zimefunikwa kitambaa, na mvuke unatoka pembeni. Kikapu kikapita mbele ya pua yangu kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono wangu ukaondoka wenyewe, sikuutuma. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaudaka hewani, akaubana kwa upendo, macho yamemlengalenga, akaurudisha juu ya rozari yangu.

Maji ya moto. Vipande viwili vya ndimu.

Saa tisa tukapanda kilima kwa Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne. Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, na mimi nilikuwa karibu. Kituo cha saba, anaanguka mara ya pili, nikashika mti. Nilipogeuka nikaona watu wananitazama, mzee mmoja amevua kofia.

Usiku wa Ijumaa usingizi ulinikimbia. Saa nane nikatoka na kandambili mkononi, nikazunguka nyuma ya jiko kwenye bustani. Mwezi ulikuwepo. Kulikuwa na tuta la karoti, na pembeni yake banda la sungura. Nikavuta karoti ya kwanza, nikaifuta kwenye suruali, nikaila na udongo wake. Ya pili nikamgawia sungura mweupe aliyesimama kwenye wavu akinitazama bila kupepesa. Niliona tunaelewana, kwamba sisi wote wawili ni watu wa majani. Nikawahesabu, kama mtu mwenye njaa anavyohesabu chochote. Saba. Nikiwa kwenye karoti ya nne, tochi ikanimulika usoni.

"We nani?"

Ilikuwa sauti ya kwanza ya binadamu niliyoisikia tangu Alhamisi. Nilitaka kulia.

"Mgeni," nikasema. "Chumba 17."

Mlinzi akashusha tochi. Alikuwa mzee wa Kisambaa, koti la jeshi, fimbo. Akanong'ona, "Kumbe ndiyo wewe baba unayefunga? Jikoni wanakusema kutwa." Nikamwambia sifungi, mzee wangu, sijui nani kasema nafunga. Akanitazama na karoti yangu, akanitazama na magoti yangu yenye udongo. Niliona haamini, ila alikuwa mtu wa utu. Akanipeleka kibandani kwake, akafunua sufuria. Ugali wa jioni, umeshapoa, umeshika umbo la sufuria. Na mboga.

Mboga yenyewe matembele. Nikashukuru Mungu, nikamega, nikachovya. Kwenye mwanga wa tochi iliyotegeshwa juu ya ndoo nikaona macho. Madogo, ya fedha, mengi. Dagaa wametapakaa humo kuliko matembele yenyewe.

Nilisita kwa muda ambao mtu husema "Baba Yetu" mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku. Kisha nikazima tochi. Gizani sikuwaona na wao hawakuniona.

Daktari ninayemlipa kunishauri alikuwa amesema waziwazi: dagaa. Na kitu kingine ambacho hakikuniingia siku ile: kushinda na njaa nako kunaamsha gauti. Mimi nilikuwa nimefanya vyote viwili ndani ya usiku mmoja. Jumamosi alfajiri kidole gumba kilikuwa kimeamka kabla yangu. Kiatu hakiingii. Nikavaa kandambili moja na soksi moja, nikaelekea kanisani nikichechemea, nikishika ukuta. Watu wakanipisha. Yule mama wa chapati akalia kwa sauti, akajikumbuka, akaziba mdomo. Sasa nilikuwa nimefunga na nimetembea kwa mateso; bado kidogo waniombee miujiza.

Ndipo nilipoona foleni ya kitubio, na akili ikanijia. Katika nyumba ile yote kuna sehemu moja tu ambayo mtu anaruhusiwa kusema! Nikajipanga. Foleni yote ikanisukuma mbele.

Nikaanza vizuri: nibariki Padri, kwa maana nimekosa. Kisha nikashindwa kujizuia. "Padri, nina njaa."

Kimya. Halafu sauti nyororo nyuma ya wavu: "Heri wenye njaa na kiu ya haki, mwanangu."

"Siyo ya haki, Padri. Ya kabichi."

Nikamweleza yote, simu, bilauri, chapati, karoti nne za masista, dagaa wa mzee. Nilisikia anakohoa, tena anakohoa kwa muda mrefu, na wavu unatikisika. Aliporudi akasema karoti zimesamehewa. "Malipizi ningekupa mfungo," akasema, "ila naona umeshajipa. Sali Salamu Maria tatu."

"Na jikoni, Padri, utawaambia?"

"Mwanangu, hiyo ni siri ya kitubio. Nilichosikia humu siwezi kumfikishia mtu yeyote, hata mpishi."

Nikatoka nimetakaswa na nina njaa. Nikaburuta mguu mpaka jikoni mwenyewe. Sista mpishi hakuwepo, ila kwenye mlango wa kabati kulikuwa na karatasi imebandikwa, orodha ya wageni, imetolewa fotokopi. Jina, chumba, chakula. Chumba 4: hali pilipili. Chumba 9: sukari, apewe uji bila sukari. Nikashuka kwa kidole. Chumba 17: hali.

Basi. Hali. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekata ukingo wa kulia wa karatasi, ikameza "nyama" yangu, ikaacha neno moja ambalo kwa Mswahili yeyote linajitosheleza. Ni Kwaresima, mgeni kajiandikisha kwamba hali; ungekuwa wewe ungempa nini kama si maji?

Sista akaingia. Sikusema neno, sheria ni sheria. Nikachomoa kalamu kwenye kikombe cha oda, nikamwonyesha ukingo uliokatwa, nikaandika kwa herufi za kusomeka. Na ili asije akadhani nimekatazwa na vingine, chumvi sijui, maharage sijui, nikaongeza neno la kumtuliza: "Hali NYAMA TU."

Akasoma. Akaweka mikono yote miwili mdomoni. Machozi yakamtoka, maskini, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akanionyesha kwa vidole kwamba ningoje mchana, atanifidia vyote. Nami nikangoja kwa raha, mguu juu ya gunia la viazi.

Mchana bwalo zima lilinyamaza mara mbili, yaani hata vijiko. Sista alikuja na sahani yangu ameibeba kwa mikono miwili. Ugali wa moto. Kabichi ya nyuzi, safari hii na karoti nyingi zaidi. Maharage ya nazi. Chapati mbili zimekunjwa. Na juu ya vyote, limeegemezwa kwenye ugali kama mtu anayepunga upepo barazani, paja la kukaangwa, la kahawia, lenye mchuzi.

Nikamtazama. Akatoa ile karatasi mfukoni mwa aproni, akaifungua mbele yangu, akaweka kidole chini ya maandishi yangu mwenyewe. Hali nyama tu. Akagonga gonga hapo kwenye "tu", akazungusha mkono juu ya sahani nzima: kabichi, maharage, chapati, nyama. Siyo nyama tu, baba. Nimekuchanganyia.

Nilikula kila kitu kilichokuwa kwenye sahani ile nikilizunguka paja kama bodaboda anavyolizunguka shimo. Nilipomaliza nikasogea mpaka dirishani, nikachungulia bustani nyuma ya jiko, nikahesabu. Nikahesabu tena.

Sita. Yule mweupe simwoni.