Vitabu vya Baridi: Tumwamini Msafiri kwa Kiasi Gani?

Baridi ikiingia, orodha za vitabu vya kusoma nazo huingia. Huku kwetu ni Juni na Julai, pale Njombe na Makete umande unapoganda juu ya majani na watu wanajifunika mablanketi mawili. Kwa ndugu walioko Minnesota au Toronto ni Desemba hadi Machi, na mwanzoni mwa msimu jua huzama saa kumi na nusu jioni. Karibu kila orodha ina fungu la safari na mikasa ya kweli: mlima, barafu, jangwa, meli iliyovunjika, na mtu aliyerudi kusimulia. Na karibu kila anayependekeza hutanguliza sifa moja kabla ya nyingine zote, kwamba haya yalitokea kweli.

Je, sifa hiyo inatosha kumtoa mtu pesa mfukoni? Wapo wanaosema bila hiyo vitabu hivi havina maana. Wapo wanaojibu kwamba msafiri anajitolea ushahidi mwenyewe huko alikokuwa peke yake, kwa hiyo bora riwaya, ambayo tangu jalada imekiri kuwa imetungwa. Mimi ni mpenzi wa vitabu hivi, lakini nakiri kwamba wenye shaka wana nguvu kuliko mashabiki tunavyopenda kukubali.

Tuanze na kielelezo kizuri cha mashabiki. Mwaka 1911 Apsley Cherry-Garrard, kijana wa Kiingereza asiyeona vizuri bila miwani, aliandamana na Edward Wilson na Henry Bowers kwenda Cape Crozier, Antaktika, katikati ya kipupwe cha huko ambapo jua halichomozi kabisa. Walifuata mayai ya pengwini mkubwa, kwa kuwa wataalamu wa siku zile waliamini kiinitete chake, yaani kinda likiwa bado linaumbika ndani ya yai, kingeonyesha uhusiano wa ndege na watambaazi. Safari ilichukua wiki tano, na baridi ilifika nyuzi 60 chini ya sifuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1922, The Worst Journey in the World, anaeleza kwamba asubuhi moja alitoka hemani, akainua kichwa kutazama huku na huko, nguo zikaganda palepale. Akavuta sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, kwa saa nne kichwa kikiwa kimekakamaa vilevile juu. Baada ya hapo kila mmoja wao akitoka hemani aliwahi kuinama, ili akiganda agande katika mkao wa kuvuta mzigo.

Jambo kama hilo ni vigumu kulibuni ukiwa mezani. Mtunzi wa riwaya angemtesa shujaa wake kwa dhoruba na nyufa za barafu. Nguo iliyoganda shingoni asingeiwaza. Wala asingethubutu kumalizia kama kisa hiki kinavyoishia. Walirudi na mayai matatu tu. Wilson na Bowers walikufa mwaka uliofuata wakirudi kutoka Ncha ya Kusini pamoja na Scott, mkuu wa msafara wao, kwa hiyo ni Cherry-Garrard aliyeyapeleka mayai kwenye jumba la makumbusho London, na huko akaachwa asubiri kwenye korido hadi apewe risiti. Yalipochunguzwa miaka mingi baadaye, hayakuongeza mengi kwenye elimu iliyokuwepo. Mhariri wa riwaya angemrudishia mwandishi kazi yake, atafute mwisho wenye faida. Maisha hayana mhariri wa aina hiyo, na hapo ndipo ladha ya vitabu hivi ilipo.

Sasa tuwasikilize wenye shaka. Mwaka 1956 kilitoka kitabu cha Slavomir Rawicz, mwanajeshi wa Poland, The Long Walk. Anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyotoroka kambi ya wafungwa Siberia mwaka 1941, wakatembea kwa miguu kupitia jangwa la Gobi na milima ya Himalaya hadi India. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kuwatia moyo watu wengi waliokata tamaa. Kasoro zake zilionekana mapema: siku nyingi mno jangwani bila maji, na viumbe wawili wa ajabu wenye manyoya waliowaona mlimani. Kisha mwaka 2006 BBC ikafichua nyaraka, nyingine zikiwa na mwandiko wake mwenyewe, zinazoonyesha kwamba Rawicz hakutoroka. Aliachiliwa mwaka 1942 pamoja na Wapoland wengine kwa msamaha wa Wasovieti, akasafirishwa kwenda kujiunga na jeshi lao Iran.

Kwa nusu karne msomaji alikuwa analipia neno "kweli". Ukimwambia leo kwamba kisa kinabaki kizuri, atakuuliza kwa nini basi hakikuuzwa kama riwaya, na jibu linajulikana: kisingeuzwa hivyo.

Uongo wa makusudi, hata hivyo, si tatizo kubwa kuliko yote. Miaka ikipita, nyaraka hujitokeza. Linalonisumbua zaidi ni kosa la mtu mwaminifu, na hapa hakuna mfano ulio wazi kama Everest.

Mei 1996 dhoruba iliwakuta wapandaji karibu na kilele, na watu wanane wakafa mlimani. Jon Krakauer, mwandishi wa Kimarekani aliyetumwa na jarida la Outside, alikuwemo. Akiwa anashuka, hatua chache kabla ya kufika mahemani, alikutana na mtu katika dhoruba na kuzungumza naye. Alimtambua kuwa ni Andy Harris, mmoja wa viongozi wa msafara wao. Akaripoti hivyo, kwamba Harris alifika karibu kabisa na kambi kabla ya kutoweka, na familia ya Harris ikaelezwa hivyo. Baadaye akagundua kuwa mtu yule alikuwa Martin Adams, mteja wa kundi jingine. Harris hakuwahi kushuka, alibaki juu. Shahidi alikuwa mwandishi wa habari kwa kazi yake, mtu alikuwa mbele yake, na bado aliona sura ya mwingine. Kwenye hewa ile nyembamba ubongo haufanyi kazi sawasawa. Krakauer alisahihisha waziwazi katika kitabu chake cha 1997, Into Thin Air, na kwa hilo anastahili heshima.

Ila kitabu hichohicho kilimkosoa vikali Anatoli Boukreev, mkazi wa Kazakhstan, mmoja wa viongozi waliofanya kazi chini ya Scott Fischer, mkuu wa kundi lile jingine: kwa nini alipanda bila mitungi ya oksijeni, na kwa nini alishuka kabla ya wateja wake? Ukikisoma hicho peke yake utakifunga umemchukia mtu huyo. Boukreev alijibu kwa kitabu chake mwaka uleule, The Climb, akiandika na G. Weston DeWalt. Anasema alikubaliana na Fischer atangulie kushuka ili awe tayari kuwasaidia watakaochelewa. Na jambo ambalo hata Krakauer halikani ni kwamba usiku ule Boukreev alitoka peke yake kwenye dhoruba, akawarudisha hemani watu watatu ambao bila yeye wangekufa. Klabu ya wapanda milima ya Marekani ilimtunuku kwa uokoaji huo. Desemba 1997 maporomoko ya theluji yalimuua kwenye mlima Annapurna, na mjadala ukampoteza msemaji wake mmoja.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo ningependa mpendekezaji asitaje kitabu cha mkasa bila kutaja kinachokipinga, pale kinapokuwepo. Everest ni vitabu viwili, si kimoja.

Nimeshaambiwa kwamba huko ni kumharibia mtu starehe. Aliyechoka na kazi, amejikunja kwenye kochi na kikombe cha chai ya tangawizi, anataka kisa, hataki kugeuzwa hakimu. Na pesa? Kitabu kimoja kutoka nje tayari ni bei ya mahitaji ya wiki kwenye nyumba nyingi. Unamwambia anunue viwili? Hoja ya bei naikubali bila ubishi. Hiyo ya starehe siikubali. Kusoma Boukreev baada ya Krakauer ni utamu wake wenyewe, kama kusikiliza ugomvi wa majirani kupitia kuta mbili tofauti.

Ugumu uko kwingine. Kuna safari nyingi ambazo upande wa pili haukuandika kitu. Hata sisi tulio na bahati ya kuwa na jozi, jozi yenyewe ina tundu. Henry Morton Stanley anaeleza katika Through the Dark Continent ya mwaka 1878 jinsi alivyopatana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, amsindikize kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, kuufuata mto Lualaba. Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa miaka ya 1900. Humo Stanley si simba wa msituni. Ni mgeni anayeomba msaada, anayetoa ahadi kubwa, na ambaye mwishowe anatuma picha yake. Ni raha kuvisoma pamoja. Lakini Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Watu wa Manyema waliochomewa vijiji na kufungwa minyororo hawamo kwenye kitabu cha Stanley ila kwa kutazamwa, wala kwa Tippu Tip ila kama mali au maadui. Mabwana wawili wanaobishana kuhusu malipo hawatupi kweli ya mpagazi. Anayeniambia kwamba jozi si dawa ya kila kitu, hapo amenishinda.

Ndiyo maana katika orodha yangu nampa nafasi ya juu msafiri asiye na mamlaka kule aendako. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alisafiri na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, kutoka Berlin hadi Urusi, Siberia na milima ya Altai, kisha wakarudi kwa njia ya Asia ya Kati. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901. Ni Kiswahili cha mtu anayeeleza miji, mito na watu wa nyika na mahema yao kwa wasikilizaji wa pwani, na kokote apitapo watu wanakusanyika kumtazama yeye. Mtazamaji anatazamwa. Hata hapa mwenye shaka ana neno lake: Salim alikuwa mtumishi wa Mjerumani, na aliyemwomba asimulie alikuwa Mjerumani. Yale aliyoyameza kuhusu bwana wake hatuwezi kuyasoma.

Tété-Michel Kpomassie hakuwa na bwana. Alikuwa kijana wa Togo aliyeanguka kutoka kwenye mnazi baada ya kukutana na nyoka, akatibiwa na makuhani wa chatu, na baba yake akaahidi kumtoa awatumikie. Akiwa anapona aliona kitabu kuhusu Greenland katika duka moja Lomé: nchi isiyo na miti wala nyoka! Akatoroka nyumbani, akafanya kazi mji kwa mji Afrika Magharibi na Ulaya, hadi akashuka Greenland mwaka 1965. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1981, na kwa Kiingereza kinaitwa An African in Greenland. Kule Upernavik aliishi na mzee Robert Mattaaq katika nyumba ya udongo ambayo kuta zake zilibandikwa kurasa za magazeti, tabaka juu ya tabaka, zizuie baridi na ziwe maktaba ya mzee. Kpomassie anaona ulevi, uchafu na ukarimu wa wenyeji wake bila kupaka rangi, na kila mara anavipima kwa mila za kwao Togo, si kwa za Paris. Kwa mtu aliye kwenye baridi yake ya kwanza ughaibuni, sina kitabu cha kumpa kabla ya hiki.

Anayetaka burudani tupu asome No Picnic on Mount Kenya cha Felice Benuzzi. Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, Januari 1943, wakaupanda Mlima Kenya wakiongozwa na picha iliyokuwa kwenye kopo la nyama, kisha wakarudi wenyewe kambini kufungwa tena. Mwenyeji wa Nanyuki atagundua kwamba watu wa pale hawana sauti humo.

Rawicz simwondoi. Namhamishia kwenye rafu ya riwaya, na huko anasomeka vizuri tu.

Kazi iliyobaki ni ya wachapishaji wetu zaidi kuliko wasomaji. Safari za Wasuaheli ni ya 1901, hakimiliki yake imekwisha, na tahajia yake ya zamani inamchosha kijana wa leo. Toleo jipya lenye ramani, maelezo mafupi pembeni na bei ya kitabu cha kiada lingewezekana bila kumlipa mwandishi yeyote haki. Sasa hivi mwanafunzi wa Songea anaweza kusoma namna Mwingereza alivyoganda Antaktika kwa urahisi kuliko namna Mngazija alivyofika Siberia, aliyeandika kwa lugha yake mwanafunzi huyo.