Bei ya kisu kaeni nayo

Juzi hapa kundini mama mmoja alituonyesha picha ya chakula chake cha usiku. Ugali, matembele ya nazi, dagaa wa kukaanga na kachumbari pembeni. Kwenye ubao alikuwa amekiacha kisu chake, kile chenye mpini wa plastiki ya manjano, cha sokoni. Jibu la kwanza alilopata halikuhusu matembele. Aliulizwa kama kwa kisu kile bado anajiita mpishi.

Nikairudia ile kachumbari. Vitunguu vilikatwa vyembamba mpaka sahani inaonekana kwa chini. Aliyemcheka naye tunamjua: ana kisu cha Kijapani, bapa lina michirizi ya kupendeza, na nyanya zake, aniwie radhi, huwa kama zimekanyagwa.

Jamani, kisu ni makali! Hayo mengine tundikeni ukutani.

Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda. Kikipondwa, ile gesi inayowasha macho inatoka kwa wingi, ndiyo maana kuna nyumba ambako kupika pilau ni kama matanga. Kwenye nyanya ni balaa zaidi, kwa kuwa ganda linakataa, unakandamiza, kisu kinateleza, kidole hicho. Halafu mtu huyo huyo anakwambia hataki kisu kikali nyumbani kwa sababu ana watoto. Kikali kinapita pale ulipokielekeza. Butu ndicho kinachokwenda kinakotaka, tena kwa nguvu zako mwenyewe.

Haya, nakubali, hivyo vya Kijapani ni vizuri. Chuma chao ni kigumu, wanakinoa kwa pembe nyembamba, kama nyuzi 15 kila upande, wakati vya Ulaya vilizoeleka kuwa kwenye 20. Makali yanakaa muda mrefu. Lakini ugumu huo una gharama yake. Kipige kwenye mfupa wa jogoo wa kienyeji uone kinavyomeguka. Na majikoni mwetu kisu ni kimoja: kinamenya muhogo, kinapara samaki, kinakata kuku, na mwanamume akiingia jikoni kinafungua kopo. Kile cha plastiki ya manjano kinavumilia yote hayo. Chuma chake laini, kitapinda kabla hakijameguka, na makali yake yanarudi upesi.

Yanarudi vipi? Pindua kikombe cha kauri. Ule ukingo wa chini, unaokwaruza kwa kuwa haukupakwa rangi ya kung'aa, ni kinoo tosha. Pitisha kisu kwa kukilaza kidogo, upande huu na upande huu, bila papara. Ukitaka jiwe la dukani, namba yake huonyesha ulaini, kubwa ndiyo laini zaidi, na 1000 inatosha kwa jikoni. Hizo za 6000 waachie wanaotaka kujiona usoni kwenye bapa. Ama yule fundi anayepita mtaani na baiskeli, akikanyaga pedali jiwe likizunguka na cheche zikiruka, ni kweli anakula chuma, na joto likizidi ugumu wa makali unaharibika. Lakini wanaomsema vibaya mara nyingi ndio ambao visu vyao havijanolewa tangu vitoke dukani, wala wenyewe hawana mpango.

Nendeni soko lolote la Nairobi mkamtazame mama anayekatia wateja sukuma wiki. Ameshika fungu zima mkononi, ubao hana, kisu kimeliwa na kunolewa mpaka kimebaki chembamba, na huku anabishana na jirani yake. Majani yanadondoka membamba, yanalingana. Sijawahi kusikia mteja akimuuliza kisu kimetengenezwa nchi gani. Wanamuuliza bei ya fungu, na kama ataongeza.

Kwa hiyo mkituonyesha chakula, tuambieni vitu vya maana. Matembele yaliiva kwa tui zito au jepesi? Dagaa ni wa Kigoma au wa Mwanza, na mlitoaje mchanga?