Hedhi Inapokatika kwa Sababu ya Dawa: Abadilishiwe au Aachwe?

Mwanamke mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ambaye ametulia kwa dawa iitwayo risperidoni, hasikii tena sauti na amerudi kwenye biashara yake, anaweza kufika kliniki akiwa na jambo asilojua aanzie wapi kulisema: miezi minne hajaziona siku zake, na matiti yanatoa maziwa ilhali hanyonyeshi. Kipimo cha mkojo kinaonyesha hana mimba. Je, abadilishiwe dawa, au aachwe na ile iliyomtuliza?

Dawa za saikosisi, yaani za hali ya akili kupotewa na uhalisia, hufanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayoidhibiti tezi ya pituitari isitoe kupita kiasi prolaktini, homoni inayochochea matiti kutoa maziwa. Prolaktini ikipanda, mayai hayapevuki, homoni ya kike ya estrojeni hushuka na hedhi hukatika. Dawa hazilingani katika hili: risperidoni, paliperidoni na amisulpiridi ndizo zinazoongoza, haloperidoli nayo huipandisha, ilhali kwetiapini na klozapini huigusa kidogo tu, na aripiprazoli huweza hata kuishusha.

Wanaotaka dawa ibadilishwe hutaja kwanza ugumba, kukauka uke na mifupa inayodhoofika kwa kukosa estrojeni miaka mingi. Hutaja pia utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2021, ambamo wanawake waliotumia dawa za kupandisha prolaktini kwa miaka 5 au zaidi walionekana kuwa na uwezekano wa kupata saratani ya matiti uliozidi kwa takriban asilimia 56; huo ni uhusiano wa kitakwimu tu, na haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Hoja ninayoiona nzito zaidi husikika mara chache. Estrojeni yenyewe inaelekea kuikinga akili: kwa kawaida wanawake huanza kuugua wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume, na wengine huanza karibu na ukomo wa hedhi. Mwaka 2008 Jayashri Kulkarni na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba plasta ya ngozi yenye estradioli, aina ya estrojeni, ikiongezwa juu ya dawa za kawaida, ilipunguza dalili. Basi dawa inayoshusha estrojeni huenda inampokonya mgonjwa sehemu ya kinga yake mwenyewe.

Wanaopinga wana hofu ya ugonjwa kurudi, na hofu hiyo si ya bure. Uchambuzi wa Stefan Leucht na wenzake wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, dhidi ya asilimia 64 ya waliopewa dawa bandia. Takwimu hizo, hata hivyo, zinahusu kuacha dawa, na si haki kuzitumia kana kwamba zinapima kubadilisha. Ugumu halisi uko kwingine. Olanzapini, ambayo hupandisha prolaktini kidogo, huongeza uzito na hatari ya kisukari. Klozapini hudai vipimo vya damu vya mara kwa mara. Na pale ambapo hospitali ya umma inategemea haloperidoli, klopromazini na sindano ya dawa ya kila mwezi, dawa mbadala ni ya kununua kwa fedha ya familia. Isitoshe, baada ya kubadilishiwa dawa, yai huweza kupevuka kabla hedhi haijaonekana, na asiyeambiwa mapema hupata mimba asiyoitarajia.

Kwa maoni yangu, prolaktini iliyopanda bila dalili yoyote haitoshi kumwondoa mtu kwenye dawa iliyomfaa, lakini hedhi iliyokatika kwa miezi inatosha kuanza mazungumzo. Kabla ya kubadilisha kabisa, dozi huweza kupunguzwa polepole, au kuongezewa aripiprazoli kidogo, njia ambayo majaribio yameonyesha kwamba hushusha prolaktini. Mwenye miaka 25 anayetafuta mtoto na mwenye miaka 48 ambaye ameshazaa hawana sababu ya kupewa jibu moja. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kliniki isiyouliza kabisa, kwa kuwa mgonjwa asiyeulizwa huacha dawa kimyakimya. Tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe kwenye faili kabla ya dozi ya kwanza, na panapowezekana prolaktini ipimwe siku hiyohiyo, maana kipimo cha baadaye kisipokuwa na cha kulinganishwa nacho hakitamwambia daktari kama tatizo lilikuwepo tangu awali au limeletwa na dawa.