Tramu Imefika, Basi Limeondoka

Tramu yenyewe, hii treni ya mjini inayopita kwenye reli za barabarani, sina neno nayo. Inapita kila baada ya dakika 10, sakafu yake iko sawa na jukwaa, na mama mwenye kigari cha mtoto anaingia bila kuomba msaada. Balaa linaanza nikishuka.

Basi langu liko ng'ambo ya barabara, naliona kabisa. Katikati kuna taa za waenda kwa miguu, nazo haziharakishwi na mtu. Mlango wa basi unafungwa, indiketa inawaka, linaondoka viti vitupu huku sisi abiria tisa tumepanga mstari ukingoni, tunalisindikiza kwa macho. Lijalo ni nusu saa baadaye. Dereva simlaumu, anafuata ratiba iliyopangwa kabla reli hazijatandikwa, na hakuna aliyekumbuka kuisogeza mbele dakika tatu. Fedha za reli zilipatikana, dakika tatu zikakosekana!

Waswisi walishalitatua hili. Tangu 1982 treni zao zinafuata ratiba inayojirudia saa hadi saa, zinakutana vituoni kwa makusudi, na mabasi ya vijijini yanapangwa yazipokee. Kinachotakiwa ni watu wa reli na watu wa mabasi kukaa meza moja. Tatizo ni kwamba kuzindua tramu kuna utepe na hotuba, ila kuhamisha kibao cha kituo cha basi mita 80 hakumtoi mtu gazetini.

Kuhusu maegesho najua nitawaudhi wengine. Kituo cha katikati ya mji hakihitaji maegesho, ukiyaweka umeita foleni. Kituo cha mwisho, huko nyumba zinakotawanyika na basi halifiki, ni habari nyingine. Pale ninapopandia mimi, nafasi zimejaa kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Anayeingia kazini mchana akija anazunguka mara mbili, kisha anapanda na gari juu ya njia ya miguu, mbele ya geti la mtu. Wenye nyumba wanailaani tramu, wakati kosa ni la aliyechora kituo akasahau kwamba abiria hawaoti jukwaani.

Kule Strasbourg, Ufaransa, tramu ilirudi mwaka 1994. Maegesho ya pembezoni ukiyalipia, tiketi za tramu za wote waliomo garini zimo humo humo, kwenda na kurudi. Hesabu ya namna hiyo hata mvivu anaielewa.

Tulikuwa tukisubiri basi pamoja na mzee mmoja, msemaji sana, aliyeisifia tramu tangu siku ya kwanza. Wiki iliyopita sikumwona. Juzi, nikiwa nimesimama palepale, akapita na gari lake, akanipigia honi na kunipungia mkono.