Bomba la 1956 na Daftari Lililodanganya

Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, dakika chache baada ya saa kumi na mbili, bomba la gesi lililopita chini ya mtaa wa makazi huko San Bruno, California, lilipasuka. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Kipande cha bomba chenye urefu wa mita 8 na nusu hivi kiling'oka ardhini kikatua umbali wa mita 30. Kampuni ya PG&E, mwenye bomba, ilitumia dakika 95 kukata gesi iliyokuwa ikiulisha moto.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, walipofika waliuliza swali la mwanzo kabisa: hili ni bomba la namna gani? Mfumo wa kompyuta wa kampuni ulijibu bila kusita: inchi 30, halina mshono. Chuma kilichokuwa mbele yao kilisema vingine. Kilikuwa na mshono wa kuchomelewa, tena uliochomelewa upande wa nje tu, kwa ndani haukuguswa. Sehemu ile ilikuwa imeungwa mwaka 1956 kwa vipande vifupi vifupi. Zaidi ya hapo, bomba lisilo na mshono lenye upana huo halikuwa hata likipatikana sokoni miaka hiyo. Taarifa iliyoingizwa kwenye kompyuta ilichotwa kwenye karatasi za uhasibu wa vifaa, si kwa mtu aliyeliona bomba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyolelewa kuamini. Lakini San Bruno daftari lilikuwepo. Kasoro yake ni kwamba liliandika kwa uhakika jambo ambalo hakuna aliyelihakikisha, na kila aliyekuja baadaye akalinakili. Kwa hiyo naona mjadala kuhusu udhibiti wa mabomba ya gesi umekwama mahali pasipofaa pale unapouliza tu kama kampuni "ina rekodi". La kuuliza ni hili: kampuni isipojua, nani anabeba gharama ya kutojua kwake?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa: anayeishi juu ya bomba. Kanuni za shirikisho zilipoanza kutumika mwaka 1970, mabomba yaliyokuwa tayari ardhini yalipewa msamaha. Hayakulazimika kupimwa kwa maji yenye presha kama mapya. Yaliruhusiwa kuendelea kwa presha ya juu kabisa iliyowahi kutumika katika miaka mitano kabla ya tarehe 1 Julai 1970. Bomba la San Bruno liliishi ndani ya msamaha huo. Siku lilipopasuka presha yake ilikuwa kama pauni 386 kwa inchi ya mraba, na kiwango cha juu kilichoruhusiwa kilikuwa 400. Yaani kwa hesabu ya karatasi lilikuwa ndani ya mipaka.

Makampuni yana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Nani mwaka 1956 aliwaambia mafundi kwamba miaka 50 baadaye watadaiwa cheti cha kila mshono? Mitandao mingi imerithiwa kutoka kampuni moja hadi nyingine, ofisi zimehama, masanduku yameloa. Kumwadhibu mtu wa leo kwa karatasi ambayo sheria ya wakati ule haikuidai kunafanana na kumtoza faini mjukuu kwa hati ambayo babu hakuiandika. Zaidi, pesa za kupekua nyaraka hutoka mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni bili ya mteja. Pesa hizohizo zingeweza kuwekwa kwenye vali zinazojifunga zenyewe, au kwenye kuzuia wachimbaji wasigonge mabomba, jambo linaloongoza kwa kuharibu mabomba ya usambazaji mitaani.

Ukitaka kuona upekuzi unavyoweza kugeuka kichekesho, ukumbuke ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco. Mapema mwaka 2011, baada ya kutakiwa kuthibitisha nguvu za mabomba yake, PG&E iliukodi ukumbi huo, ikaujaza masanduku ya nyaraka na kuweka wafanyakazi wayapekue. Ukumbi ule kwa kawaida ni wa maonyesho ya mifugo na matamasha. Kampuni inayosukuma gesi chini ya nyumba za mamilioni ya watu ilikuwa inajitafuta yenyewe ndani ya maboksi.

Hata hivyo hoja ya umri ina mpaka. Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilidai kila kampuni itathmini hatari za mabomba yanayopita penye watu wengi, na tathmini hiyo huanzia kwenye takwimu za bomba lenyewe. Mwaka 2009 PG&E ililikagua bomba la San Bruno kwa mbinu ya kutafuta kutu ya nje. Mbinu hiyo haiwezi kuona mshono mbovu. Lakini ukiamini bomba halina mshono, utautafuta wa nini? Hapo ndipo kosa la karani wa zamani lilipogeuka uamuzi wa mhandisi wa leo. Babu hakuandika hati, sawa. Lakini mjukuu ndiye aliyeisoma tupu akasema imejaa.

Mdhibiti naye hana pa kujificha. Mabomba yanayoanzia na kuishia ndani ya jimbo moja husimamiwa na jimbo, kwa idhini ya PHMSA, wakala wa shirikisho wa usalama wa mabomba. NTSB iliilaumu tume ya huduma za umma ya California, CPUC, kwa kushindwa kugundua udhaifu wa PG&E licha ya ukaguzi wake, na ikailaumu serikali ya shirikisho kwa ule msamaha wa 1970. Ukaguzi wa kukaa mezani na kuangalia kama fomu zimejazwa hauwezi kubaini fomu iliyojazwa uongo. Mwaka 2014 zikafichuka barua pepe zilizoonyesha ukaribu usiofaa kati ya maofisa wa tume na kampuni waliyopaswa kuibana. Hilo nalipita haraka, kwa sababu hata mdhibiti mwadilifu angefeli kama kazi yake ni kuhesabu karatasi tu.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha San Carlos, mji wa jirani. Oktoba 2012 fundi wakati wa kurekebisha uvujaji aligundua kwamba bomba lina mshono ambao rekodi hazikuutaja. Mhandisi mmoja aliandika ndani ya kampuni akiuliza kama hapa kuna San Bruno nyingine inayosubiri. Kampuni iliipa tume taarifa ya kosa hilo Julai 2013, katika hati iliyoitwa masahihisho tu, kama vile ni herufi iliyoruka. Oktoba mwaka huo mji ulipata amri ya mahakama bomba lifungwe, na Desemba tume ikaitoza kampuni zaidi ya dola milioni 14.

Sasa ongeza jambo hili: bomba la San Carlos lilikuwa limepimwa kwa maji yenye presha mwaka 2011, likafaulu. Rekodi ilikuwa mbovu na bomba lilikuwa zima. Baadaye tume iliruhusu lirudi kazini. Wanaotetea makampuni husema hiki ndicho kielelezo cha udhibiti uliozidi: hofu imetanda, faini imetozwa, na chuma hakikuwa na tatizo. Mimi nasoma kinyume. Kisa hiki kinaonyesha kwamba pale karatasi inapokosekana au inapodanganya, kipimo kinaweza kusimama badala yake. Maji hayajali karani aliandika nini. Oktoba 2011, karibu na Bakersfield, bomba jingine la kampuni hiyohiyo lilipasuka likiwa kwenye kipimo, likatoa maji badala ya moto.

Lakini watetezi hao wana chembe ya ukweli ambayo ningeitaka mdhibiti aimeze. Kosa la San Carlos lilifichuliwa na mfanyakazi aliyefukua akaona. Faini ikimwangukia anayekiri sawasawa na anayeficha, wa kesho hatakiri. Adhabu ile ilikuwa halali kwa sababu ya miezi ya ukimya na jina la kupoza, si kwa sababu ya kosa la asili, na ingefaa tofauti hiyo itamkwe wazi kila mara. Tusidhani ni hofu ya kufikirika. Mwaka 2018 tume ilifungua shauri jingine: kati ya 2012 na 2017 wafanyakazi wa PG&E walikuwa wakighushi rekodi za kuwaonyesha wachimbaji mahali mabomba yalipo, ili kazi zilizochelewa zionekane zimefanyika kwa wakati. Kampuni iliishia kutozwa dola milioni 110. Yaani miaka michache baada ya San Bruno, kipimo cha karatasi kilizaa karatasi safi.

Na rekodi sahihi zikiwepo bado haitoshi. Septemba 2018, bonde la Merrimack, Massachusetts, mafundi wa kandarasi waliofanyia kazi kampuni ya gesi ya Columbia Gas walikata bomba la zamani la chuma cha kusubu ambalo bado lilikuwa na vitambuzi vya presha. Vitambuzi vikaona presha inashuka, vidhibiti vikafunguka, gesi ya presha kubwa ikaingia majumbani. Mtu mmoja alikufa na majengo zaidi ya 100 yakaharibika. Taarifa za mahali vitambuzi vilipo kampuni ilikuwa nazo. Hazikumfikia aliyepanga kazi.

Adhabu nazo zimeyumba ajabu. Tume ya California iliitoza PG&E dola bilioni 1.6 mwaka 2015. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho liliitia hatiani kwa makosa matano ya kuvunja sheria ya usalama wa mabomba na moja la kuzuia uchunguzi, na hukumu yake ikawa dola milioni 3 pamoja na miaka 5 chini ya uangalizi wa mahakama. Ukilinganisha tarakimu hizo mbili utashangaa kama zinazungumzia bomba moja.

Kwa hiyo ningependelea nini? Pasipo na rekodi ya kuaminika, presha ishushwe siku hiyohiyo, ipandishwe tu baada ya kupima au kubadilisha. Najua ubaya wake. Presha ikishuka katikati ya baridi kali, nyumba zitakosa joto, na nyumba isiyo na joto nayo huua. Basi mdhibiti aruhusu muda, lakini muda mfupi na wenye sababu iliyoandikwa. California ilikaribia hapo mwaka 2011 ilipoamuru mabomba ya kusafirisha gesi yasiyo na rekodi za kipimo yapimwe au yabadilishwe, msamaha wa zamani ukafutwa. Serikali ya shirikisho ilitoa kanuni yake Oktoba 2019. Inadai rekodi zinazofuatilika, zinazothibitika na zilizokamilika, na inaorodhesha kushusha presha kama njia mojawapo kati ya kadhaa ambazo kampuni inajichagulia. Nusu ya kazi imalizike ifikapo Julai 2028, na yote Julai 2035. Ikifika siku hiyo ya mwisho, bomba la rika moja na lile la San Bruno litakuwa na miaka 79 ardhini.